Barua ya wazi kuhusu chanjo ya brusela: michoro imetosha, sasa iwafikie ng'ombe

Kwa wakurugenzi wa huduma za mifugo, wasimamizi wa mifuko ya fedha za utafiti na wahariri wa majarida ya sayansi ya wanyama, popote mlipo.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa daktari wa mifugo ambaye kazi yake ni uzazi wa ng'ombe, na ambaye kwa muda mrefu amekuwa akifuatilia kwa makini tafiti za kubuni chanjo kwa kompyuta. Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili hata asiye na nafasi ya kusoma barua yote aondoke nalo: acheni kulipia michoro mipya ya kompyuta ya chanjo ya brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, ambayo haitamgusa ng'ombe hata mmoja. Fedha hizo zipelekwe kwenye kuijaribu ile michache iliyo bora kati ya iliyopo.

Ugonjwa wa kutupa mimba mnaujua, lakini mezani kwenu unafika ukiwa tarakimu, kwa hiyo niueleze jinsi ulivyo zizini. Ng'ombe aliyekuwa mzima kabisa anatupa mimba, mara nyingi ikiwa imevuka mwezi wa tano. Kondo la nyuma linagoma kutoka. Maziwa yanapungua. Mwaka unaofuata huenda akashika mimba na kuzaa vizuri, mwenye mali akaona balaa limepita, kumbe bakteria wametulia kwenye kiwele na kwenye tezi za limfu, wanatoka na maziwa kidogo kidogo na kumwagika kwa wingi siku ya kuzaa. Brucella abortus analipenda kondo la ng'ombe kwa sababu inayojulikana: lina erithritoli, aina ya sukari ambayo bakteria huyu huichagua hata mbele ya glukosi. Ndiyo maana kijusi kilichotupwa, pamoja na maji na kondo lake, huwa kimebeba bakteria kwa mabilioni. Ng'ombe wengine wanakuja kunusa na kulamba. Na anayekiokota, mara nyingi kwa mikono mitupu, ni mfugaji mwenyewe au mtu wa nyumbani kwake.

Kwa binadamu huanza kama homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu usioisha. Wanaume wengine huvimba korodani, na mama mjamzito anaweza kupoteza mimba. Mgonjwa huzunguka kutoka zahanati moja hadi nyingine akitibiwa homa nyingine kabla mtu hajafikiria kuuliza kama anafuga au kama anakunywa maziwa mabichi. Kwa miaka mingi ilinukuliwa kwamba watu 500,000 huugua kila mwaka duniani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yaliipandisha idadi hiyo hadi kati ya milioni 1.6 na milioni 2.1. Tiba ya kawaida ni antibiotiki mbili kwa wiki sita, na wapo ambao ugonjwa huwarudia hata baada ya hapo.

David Bruce aliwapata bakteria wa jamii hii Malta mwaka 1887, kwenye wengu za askari waliokufa kwa homa. Bernhard Bang akampata yule wa ng'ombe huko Denmark mwaka 1897. Tangu hapo tumepata nini cha kumkinga ng'ombe? Chanjo ya kwanza iliyosambaa duniani, S19, chanzo chake ni maziwa ya ng'ombe wa Jersey. John Buck aliwatenga bakteria wake mwaka 1923, wakaachwa maabara kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya mwaka mmoja, na walipochunguzwa upya wakakutwa wamepoteza ukali wao. Ilikuwa bahati, tena bahati kubwa, na imeokoa mifugo isiyohesabika. Ila karne moja imepita na bado tunaegemea bahati ile ile.

S19 ni bakteria hai. Akichanjwa ng'ombe mwenye mimba, anaweza kuitupa. Mchanjaji akijichoma sindano kwa bahati mbaya, anaweza kuugua brusela. Na baada ya chanjo, damu ya ng'ombe inaweza kubaki na kingamwili ambazo kipimo cha kawaida, kama Rose Bengal, hakiwezi kuzitofautisha na za ng'ombe mgonjwa. Kwa sababu hiyo inaelekezwa wachanjwe ndama majike wa miezi 3 hadi 6, umri ambao si rahisi kuupata kwa usahihi pale mifugo inapohamahama. Chanjo iliyofuata, RB51, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, ilitatua tatizo la kipimo kwa sababu haina ule mnyororo wa sukari kwenye ganda la nje ambao vipimo huutafuta. Lakini nayo ni hai, na imejengwa ikiwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu tunazomtibia binadamu. Mwaka 2017 kulitokea wagonjwa Marekani walioambukizwa RB51 kwa kunywa maziwa mabichi, na vipimo vya kawaida vya damu havimwoni bakteria huyo. Chanjo zote mbili zinataka ubaridi tangu kiwandani hadi kwenye bomba la sindano.

Kwa hiyo mtu anaposema atabuni chanjo isiyo na bakteria hai, yenye vipande tu vya protini vilivyochaguliwa kwa hesabu, mimi ni wa kwanza kusikiliza. Njia hiyo si ndoto. Mwaka 2000 kundi lililomhusisha mtafiti wa chanjo Rino Rappuoli lilichapisha kazi juu ya meningokoka aina ya B, bakteria wa uti wa mgongo aliyekuwa amewashinda watengenezaji wa chanjo kwa miongo mingi. Walisoma jenomu yake yote, yaani maelezo yake yote ya urithi, wakaiuliza kompyuta ni protini zipi zinaweza kuwa zimekaa juu ya ganda ambako kinga ya mwili inaweza kuzifikia, wakapata takriban 600. Sehemu inayosahaulika inaanzia hapo. Protini 350 zilitengenezwa kweli maabara, zikadungwa panya, damu ikapimwa kama inaua bakteria. Zilizobaki zikawa chache sana. Chanjo ilipoidhinishwa Ulaya Januari 2013, protini zilizopatikana kwa njia hiyo na kuingia ndani yake zilikuwa 3 tu, pamoja na vifuko vya utando wa bakteria. Kompyuta ilianza kazi, kisha ikafuata zaidi ya miaka kumi ya chupa, wanyama, damu na watu waliojitolea.

Brusela nayo ina jenomu inayosomeka. Brucella abortus ana kromosomu mbili, jumla ya herufi takriban milioni 3.3 na jeni zaidi ya 3,000, na jenomu ya kwanza ya aina hii ilichapishwa mwaka 2005. Jenomu ya ng'ombe ilifuata mwaka 2009. Programu nyingi za kutabiri vipande vinavyoamsha kinga ni za bure kwenye intaneti. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi na bidii anaweza kuchora chanjo kamili bila kugusa kimiminika chochote. Hili ni jambo jema kabisa, kwa sababu limewafungulia mlango vijana ambao vyuo vyao havina maabara.

Tatizo ni kwamba mlango huo unaishia kwenye chumba kisicho na mlango wa pili. Michoro ya chanjo ya brusela niliyoisoma inafanana kiasi kwamba ukifunika majina ya waandishi huwezi kuitofautisha. Zinachukuliwa protini zile zile za utando wa nje, Omp25, Omp31 na wenzao. Programu inakata vipande vifupi na kuvipa alama. Vipande vilivyopata alama za juu vinaunganishwa kwa viungo vifupi vya asidi amino, mbele inawekwa protini ya kuchochea kinga, na umbo la kitu chote linatabiriwa. Kisha kwenye kioo cha kompyuta protini hiyo inapachikwa kwenye kipokezi cha kinga, aghalabu TLR4 au TLR2, na kushikana kwao kunahesabiwa kuwa ushahidi. Mwishoni mfumo wa kinga unaigizwa kwa programu, mistari ya rangi inapanda juu, na makala inafungwa kwa kusema kwamba majaribio ya maabara yanahitajika. Majaribio hayo mara nyingi mno hayafanyiki. Anayefuata anaanza upya na mchoro wake.

Siwalaumu wanafunzi hata kidogo. Wamefanya kile ambacho kilikuwa na fedha, na ambacho majarida yenu yalikubali kuchapisha.

Lakini ndani ya michoro hiyo kuna kasoro ambazo nyinyi mnaotathmini maombi mngeweza kuzizuia. Kubwa kuliko zote ni hii: chanjo inasemwa kuwa ya ng'ombe, halafu vipande vinachaguliwa kwa kutumia HLA, yaani molekuli za binadamu za kuonyesha vipande kwa seli T, seli za kinga za mwili. Ni kumpimia mtu mmoja nguo na kumshonea mwingine. Ng'ombe ana molekuli zake, BoLA, na zinashika vipande kwa mifuko yenye umbo tofauti. Jeni moja tu kati yake, DRB3, ina mamia ya aina zilizokwisha kuorodheshwa, na mgawanyo wake si sawa kati ya ng'ombe wa nundu na wale wa asili ya Ulaya. Programu zinazotabiri kwa BoLA zipo, tena za bure. Ile programu ya kuigiza kinga ambayo michoro mingi huimalizia nayo humwomba mtumiaji aingize aina za HLA. Mistari yake mizuri inayopanda inamhusu kiumbe mwingine.

Na hata BoLA ikitumiwa, kuna mambo ambayo kompyuta bado haiyaoni. Ndama ana seli T za aina ya gama-delta kwa wingi ambao hauonekani katika damu ya mtu mzima, na nyingi kati ya hizo hazisubiri kuonyeshwa kipande kwa njia ambayo programu zetu zimefunzwa kuitabiri. Tunachanja ndama, na sehemu nzima ya jeshi lake haimo kwenye hesabu. Halafu kuna Brucella mwenyewe. Huyu hukaa ndani ya seli, hasa makrofaji, seli zile zile zilizotumwa kummeza. Hutumia mfumo wake wa VirB kupenyeza protini zinazobadilisha mahali alipomezwa pawe makazi yake. Ganda lake limeumbwa lisiamshe TLR4 kwa nguvu kama la bakteria wengine wa kundi lake. Kingamwili peke yake hazimtoshi. Zinahitajika seli T zinazotoa intaferoni gama, protini ya kuziamsha seli nyingine za kinga, na zinazoweza kuua seli iliyovamiwa. Mchoro wenye alama nzuri za kingamwili unaweza ukawa hauna thamani yoyote mbele ya adui wa namna hii, na kuna njia moja tu ya kujua.

Njia hiyo haianzi na gharama kubwa kama mnavyoweza kudhani. Nataka mlisikilize hili kuliko mengine yote. Kabla ya kufikiria kumwambukiza ng'ombe yeyote, ipo hatua ya katikati ambayo karibu kila mchoro unairuka: damu. Ng'ombe waliochanjwa S19 au RB51 wapo mashambani. Wapo pia ng'ombe waliothibitishwa kuugua ambao wanasubiri kuondolewa. Damu yao ikichukuliwa na chembe hai zake zikachanganywa na vile vipande vilivyochaguliwa na kompyuta, baada ya siku moja au mbili unaweza kupima kama zimetoa intaferoni gama. Vifaa vya kuipima intaferoni ya ng'ombe vimekuwepo kwa miaka mingi, kwa sababu ndivyo vinavyotumika kugundua kifua kikuu cha ng'ombe. Kipande ambacho damu ya ng'ombe aliyekutana na Brucella haikitambui kabisa kina kazi kubwa ya kujieleza. Kipande kinachotambuliwa na ng'ombe wengi wa aina tofauti za BoLA kinastahili hatua inayofuata. Damu ya mgonjwa ina hatari yake na lazima ishikwe kwa tahadhari za maabara, lakini huhitaji kumwambukiza mnyama yeyote. Huhitaji jengo jipya. Vipande hutengenezwa kwa oda. Kwa nini basi mfuko wa utafiti ulipie mchoro wa 10 bila kuuliza damu ilisema nini kuhusu ule wa kwanza?

Panya wana nafasi yao. Panya akikingwa, bakteria hupungua kwenye wengu wake, na hiyo ni dalili ya kutia moyo. Ila swali la mfugaji halihusu wengu wa panya. Anauliza kama mtamba wake atazaa ndama hai. Jibu la swali hilo hupatikana kwa mitamba wenye mimba, waliochanjwa mapema, wakaambukizwa kwa makusudi kupitia jicho mimba ikiwa katikati, kisha wakasubiriwa hadi kuzaa au kutupa, huku kila kondo na kila ndama akichunguzwa. Mimba ya ng'ombe ni miezi 9. Jengo lazima liwe la usalama wa kibayolojia wa kiwango cha 3, lenye uwezo wa kubeba wanyama wakubwa, kuchuja hewa yake na kuua vijidudu kwenye maji taka na mizoga. Majengo ya aina hiyo ni machache duniani, na ndiyo sababu halisi ya michoro kukwama. Si kwamba haiwezekani: watafiti wa Kazakhstan, katika miaka ya 2010, walichukua virusi dhaifu vya mafua, wakavibebesha protini mbili za Brucella, L7/L12 na Omp16, na wakafika hadi kwenye mitamba wenye mimba. Huko ndiko ninakotaka michoro yetu ifike.

Hakuna nchi moja inayolazimika kubeba mzigo huu peke yake. Mashirika yenu ya kikanda, pamoja na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, yanaweza kukubaliana juu ya vituo vichache vya pamoja, utaratibu mmoja wa majaribio na foleni ya wazi: mchoro uliofaulu kwenye damu unaingia foleni, ukishindwa unatoka, na matokeo yanatangazwa vyovyote iwavyo. Katika kila jaribio kuwe na kundi lililochanjwa S19 la kulinganishia. Chanjo mpya isiyoweza kuifikia S19 kwa kinga, au angalau kuikaribia huku ikiwa salama kwa mjamzito na kwa mchanjaji, haina sababu ya kuendelea.

Wahariri, kwenu nina neno la moja kwa moja. Mnaweza kubadilisha hali hii kwa masharti machache tu ya kupokea makala. Makala ya chanjo ya ng'ombe iliyotumia HLA irudishwe kwa mwandishi bila hata kupelekwa kwa wanasayansi wenzake waitathmini. Kushikana kwa protini na kipokezi kwenye kioo kusiitwe ushahidi wa kinga. Na mkipokea makala inayosema "tulijaribu vipande 40 kwenye damu ya ng'ombe na 37 havikuamsha chochote", ichapisheni kwa heshima ile ile mnayowapa wanaoleta habari njema. Taarifa ya kushindwa ndiyo itakayozifunza programu hizi. Programu za kutabiri hujifunza kutokana na vipimo halisi, na vipimo vya ng'ombe ni vichache mno ukilinganisha na vya binadamu. Kila matokeo yanayofichwa kabatini yanaiacha kompyuta ikikisia upya.

Kuna jambo jingine la usanifu ambalo lazima liwekwe tangu siku ya kwanza: uwezo wa kumtofautisha ng'ombe aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Hapa chanjo ya vipande ina faida ambayo S19 haitaipata kamwe, kwa kuwa unachagua mwenyewe kipi kiingie na kipi kibaki nje ili kitumike kwenye kipimo. Ulaya ilifanya hivyo kwa ugonjwa mwingine wa ng'ombe, IBR: chanjo ilitengenezwa bila protini moja ya virusi, gE, na ng'ombe mwenye kingamwili dhidi ya protini hiyo akajulikana kuwa ameambukizwa kweli. Mchoro wa brusela usiokuja na kipimo chake ni nusu ya kazi, na unapaswa kupewa alama za nusu ya kazi mnapogawa fedha. Hali kadhalika uvumilivu wa joto. Waombaji waulizwe mapema protini yao itakaa siku ngapi nje ya jokofu, kwa sababu chanjo huwa ina safari ndefu kabla ya kumfikia ndama.

Kwa wakurugenzi wa huduma za mifugo, naomba msisome barua hii kama ruhusa ya kusubiri. S19 na RB51, pamoja na kasoro zake zote, zinaokoa mimba leo. Ziendelee kutolewa, ndama wachanjwe kwa umri unaotakiwa, wachanjaji wapewe glavu na miwani, na wafugaji waelezwe kuchemsha maziwa na kuzika au kuchoma kila kijusi kinachotupwa. Mnaweza pia kuisaidia sayansi bila kutumia fedha nyingi: mnapochukua damu kwa ajili ya vipimo vya kawaida, tengeni sehemu ndogo kwa ajili ya kusoma aina za BoLA za ng'ombe wenu, na bakteria wanaopatikana kwenye vijusi wasomwe jenomu zao badala ya kutupwa baada ya kutambuliwa. Mbuni wa chanjo aliye mbali hawezi kujua ng'ombe wenu wanabeba aina gani za BoLA kama hakuna aliyeangalia.

Ninachoomba kifanyike katika awamu ijayo ya fedha ni hiki. Chagueni michoro michache, msizidi 20, iliyokwisha kuchapishwa na iliyojengwa juu ya BoLA. Ipelekeni kwenye damu ya ng'ombe waliochanjwa na walioambukizwa, kutoka makundi ya nundu na yasiyo na nundu. Wekeni matokeo yote hadharani ndani ya mwaka mmoja, pamoja na yale ya vipande vilivyoshindwa. Wenye michoro hiyo, wengi wao vijana, walipwe nao waje maabara waione damu ikijibu au ikikataa kujibu. Itakayofaulu ipewe mitamba.

Wenu katika kazi hii,
Daktari wa mifugo